Alama za Ufundi Katika Mkono wa Koti la Askari

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwaeleza habari ya kitu kidogo, kidogo kuliko kiganja cha mkono, ambacho huenda kimo katika nyumba ya mmoja wenu, kimekunjwa ndani ya sanduku la bati pamoja na nguo kuukuu. Kitu hicho ni alama ya ufundi iliyoshonwa katika mkono wa koti la askari wa Vita Kuu ya Pili. Wengi wameiona wasijue maana yake, na wengine wameieleza visivyo. Na habari ya mzee ikielezwa visivyo ni sawa na kupotea.

Na tuchukue mfano, ingawa tumeutunga wenyewe ili mambo yafahamike. Tuseme kwamba katika nyumba moja ya Kakese, kata iliyo katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, limehifadhiwa koti la kaki. Mwenye koti amekwisha kufariki zamani. Wajukuu wake walitoa koti lile siku moja wakalitazama. Sehemu ya juu ya mikono, karibu na mabega, haina kitu. Lakini chini ya kiwiko cha mkono wa kushoto wakaona mambo matatu: tepe moja lililoelekeza ncha yake juu; juu ya tepe hilo bendera mbili ndogo zilizokingamana kama herufi ya X; na kando uzi wa rangi ya dhahabu uliosimama wima, urefu wake kama kidole kifupi. Chini ya kiwiko cha mkono wa kulia wakaona vitepe vinne vyekundu, vidogo sana.

Hapo maneno yakawa mengi. Mmoja akasema, "Babu alikuwa na tepe moja, basi alikuwa lans koplo." Mwingine akahesabu vyote, akasema, "Sivyo, ana tepe moja na vinne vyekundu, jumla matano. Alikuwa mkubwa kuliko sajini." Wa tatu akasema kwamba bendera zile ni bendera za Waingereza, nazo ni ishara ya kuwa babu alichukua bendera mbele ya jeshi. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na ikiwa nyote mwakosea, babu alikuwa nani?" Swali lile ni jema, nasi twataka kulijibu polepole.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi watu wa nchi hii walivyoingia katika vita ile. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wengi walizoea kuliita kwa herufi zake tatu, K.A.R., lilianzishwa mwaka 1902. Baada ya Wadachi kushindwa katika vita ya kwanza, na Tanganyika kuwekwa chini ya Uingereza, batalioni ya sita ya jeshi hilo ikawa ndiyo ya Tanganyika. Vita ya pili ilipoanza mwezi wa Septemba 1939, askari waliokuwapo walikuwa wachache. Lakini kabla ya vita kwisha watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za jeshi. Wakati ule nchi ya Mpanda ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora.

Watu hawa walipelekwa mbali. Mwaka 1941 walipigana na Wataliani katika nchi ya Wasomali na Uhabeshi. Mji wa Mogadishu ulitekwa mwezi wa Februari, na Addis Ababa mwezi wa Aprili. Mwaka 1942 wengine walipelekwa kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar. Kisha, mwaka 1944, Divisheni ya Kumi na Moja ya Afrika Mashariki ikapigana na Wajapani huko Burma. Ilipita bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope yaliyozama magari na malaria iliyolaza watu, hata ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Hapo mafundi wa jeshi walijenga daraja la chuma lililoelea juu ya maji, urefu wake zaidi ya futi 1,100.

Basi fikirini, wasomaji wetu. Je, jeshi la namna ile laweza kwenda kwa bunduki peke yake? Haliwezi. Gari likikwama lataka fundi. Bunduki ikivunjika kitasa yataka mhunzi. Mgonjwa ataka mwuguzi, daraja lataka seremala na mwashi, jikoni kwataka mpishi, na jemadari aliye nyuma hawezi kujua habari za askari walio mbele pasipo mtu wa simu. Katika vita ile mafundi walitakiwa kwa maelfu. Kwa hiyo jeshi lilifungua vyuo vya kufundisha Waafrika udereva, simu, uuguzi, useremala na kazi za mitambo. Mtu aliyemaliza mafunzo alipewa mtihani. Akishinda, aliandikwa daraja la ufundi, na mshahara wake uliongezwa kupita ule wa askari asiye na ufundi. Katika kazi kadha wa kadha, alipewa pia alama ya kushona katika mkono wa koti, ili kila amwonaye ajue kwamba mtu huyu amejaribiwa akaonekana anafaa.

Sasa tuje katika kusoma mkono wa koti. Kusoma huku kuna kanuni, kama kusoma kitabu kulivyo na kanuni, na kanuni ya kwanza ni hii: angalia mahali kabla hujaangalia alama. Cheo cha koplo na sajini huvaliwa juu ya kiwiko, karibu na bega, na ncha za matepe yake huelekea chini. Tepe moja ni lans koplo, mawili ni koplo, matatu ni sajini. Lakini tepe linalovaliwa chini ya kiwiko cha mkono wa kushoto, ncha yake ikielekea juu, si cheo. Hilo ni tepe la mwenendo mwema. Katika jeshi la Kiingereza askari aliyekaa miaka miwili bila kosa kubwa alipewa tepe la kwanza la namna hiyo, na miaka ikizidi matepe yaliongezeka. Nayo yalivaliwa na askari wadogo, walio chini ya cheo cha koplo.

Basi babu yetu wa mfano hakuwa lans koplo. Alikuwa askari wa kawaida. Twajua ya kuwa wajukuu watasikitika kidogo kusikia hivyo, lakini wangoje, maana bado hatujamaliza.

Vile vitepe vinne vyekundu katika mkono wa kulia si cheo wala si mwenendo. Vilianza kutolewa mwaka 1944, kitepe kimoja kwa kila mwaka wa utumishi tangu vita ilipoanza. Vitepe vinne ni miaka minne. Na uzi wa dhahabu uliosimama wima ni jambo zito kuliko yote: ni alama ya jeraha. Alama hiyo ilianzishwa mwaka 1916, katika vita ya kwanza, ikarudishwa mwaka 1944. Kila uzi mmoja ni mara moja askari alipojeruhiwa na adui. Huenda babu hakupata kuwaambia wanawe habari ya jeraha lile. Wazee wengi waliorudi walipenda kunyamaza. Lakini mkono wa koti umeyahifadhi aliyoyanyamazia.

Zimebaki zile bendera mbili. Hizo ndizo alama ya ufundi, nazo ni alama ya mtu wa kupeleka habari. Zitazameni vizuri na mtaona kwamba bendera moja ni nyeupe yenye mstari wa samawati katikati, na ya pili ni ya samawati tupu. Si bendera za taifa lo lote. Zamani, kabla ya simu ya upepo, askari alipeleka habari toka kilima hata kilima kwa kupunga bendera. Aliposimama mbele ya msitu au mlima wenye kiza alitumia bendera nyeupe, ipate kuonekana. Na aliposimama juu ya kilele, mbingu ikiwa nyuma yake, alitumia ile ya samawati. Kwa sababu hiyo ziliwekwa mbili katika alama. Baadaye zikaja taa, na vioo vya kurudisha mwanga wa jua, na simu ya waya, na mwisho simu ya upepo. Lakini alama ikabaki ile ile ya bendera.

Kupata alama ile hakukuwa rahisi. Askari alipaswa kujifunza herufi za Morse, ambazo kila moja hufanywa kwa milio mirefu na mifupi. Ninyi wanafunzi wa Kakese mwaweza kujaribu kwa jina la kata yenu. K ni mrefu, mfupi, mrefu. A ni mfupi, mrefu. Kisha K tena. E ni mfupi mmoja tu. S ni mifupi mitatu. Na E tena. Pigeni juu ya meza kwa kijiti, kisha fikirini mtu anayepiga na kusoma herufi za namna hiyo saa nzima, usiku, mvua ikimnyea, mizinga ikilia, na habari yenyewe imefichwa katika mafumbo ili adui asiifahamu, hata haiwezekani kubahatisha neno. Akikosa herufi moja, mizinga yaweza kupigwa mahali pasipostahili, nao wenzake wakafa. Mtihani wake ulikuwa na haki kuwa mgumu.

Sasa wajukuu waone tofauti. Tepe la lans koplo lilitolewa kwa neno la mkubwa, na kwa neno la mkubwa liliweza kuondolewa. Lakini bendera mbili zilipatikana kwa mtihani, na yaliyo kichwani mwa mtu hayaondolewi kwa neno la mtu. Babu hakuwa lans koplo. Alikuwa fundi wa habari, mwenye mwenendo mwema, aliyetumika miaka minne na kujeruhiwa mara moja. Je, habari hii si bora kuliko ile ya matepe matano?

Alama za bendera zajulikana kidogo, lakini ziko nyingine zinazowashangaza watu zaidi, nasi tutazitaja baadhi yake. Nyundo na koleo zilizokingamana ni alama ya mafundi wa chuma na wa silaha, wale waliotengeneza bunduki na mitambo. Kiatu cha farasi ni alama ya fundi wa kupigilia farasi viatu. Na lijamu, yaani chuma kile kiwekwacho kinywani mwa farasi, ni ya fundi wa matandiko. Gurudumu lilikuwa alama ya fundi wa magurudumu na useremala wa magari ya kukokotwa. Alama hizi tatu zilitoka katika siku za farasi na nyumbu, ndiyo maana zinawashangaza watu waliozaliwa katika siku za lori.

Bunduki mbili zilizokingamana ni alama ya mpiga shabaha hodari. Herufi zilizozungukwa na shada la majani zina maana kila moja: MG ni mpiga bunduki ya mtombo, LG ni mpiga bunduki ya Lewis, ambayo ilitumika sana katika vita ya kwanza, L peke yake ni mlenga mzinga. Panga mbili zilizokingamana zenye taji juu yake ni mwalimu wa mazoezi ya mwili. Kinubi ni cha wapiga muziki, na tarumbeta mbili ni za wapiga tarumbeta. Tena kuna ua la yungiyungi, ambalo wanafunzi walio maskauti hulivaa hata leo. Lakini kabla ya chama cha Skauti kuanzishwa na Baden-Powell, ua hilo lilikuwa alama ya wapelelezi katika jeshi la Kiingereza, naye alilichukua huko huko.

Angalieni pia msichanganye alama ya ufundi na alama ya divisheni. Alama ya divisheni huvaliwa begani na watu wote wa kundi lile, mpishi na jemadari sawasawa. Divisheni ya Kumi na Moja ya Afrika Mashariki ilivaa kichwa cha kifaru, na ndugu zetu wa Afrika Magharibi wa Divisheni ya Themanini na Moja walivaa buibui. Ukiona kichwa cha kifaru, umejua mtu alikuwa pamoja na nani. Ukiona nyundo na koleo, umejua alifanya nini. Hizo ni habari mbili, nazo zapasa kuandikwa mbali mbali.

Pengine mtu atauliza, "Nitajuaje kama koti hili ni la vita au la miaka ya baadaye?" Kuna njia tatu nyepesi. Ya kwanza, tazama ndani ya koti. Nguo nyingi za jeshi la Kiingereza zilipigwa muhuri wa mshale mpana, na mara nyingi mwaka wa kushonwa huandikwa karibu na mshale huo au katika kitambaa cha kipimo. Ya pili, tazama taji, ikiwa alama ina taji. Taji la siku za Mfalme George wa Sita, aliyefariki mwezi wa Februari 1952, lina matao yaliyopanda kwa duara. Taji lililotumika katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Pili lina matao yaliyobonyea katikati. Basi koti lenye taji lililobonyea si la Burma, ingawa huenda ni la askari wa K.A.R. wa miaka ya hamsini. Ya tatu, tazama vifungo. Vifungo vya shaba vilihitaji kusuguliwa kila siku. Baada ya vita vikaja vifungo vya madini mepesi ya alumini visivyohitaji kusuguliwa. Njia moja peke yake yaweza kudanganya, maana fundi cherehani aliweza kubadili vifungo. Lakini zikipatana zote tatu, shaka huondoka.

Sasa imetupasa kusema neno la haki, ingawa si tamu. Bendera mbili za mwana wa Tanganyika zilikuwa zile zile za mwana wa Uingereza. Herufi za Morse zilikuwa zile zile, na risasi za Wajapani hazikubagua. Lakini mshahara haukuwa mmoja. Mwafrika alilipwa kidogo sana kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Wala njia ya kupanda haikuwa moja. Mwafrika aliweza kufika cheo cha sajini meja, na tangu mwaka 1942 aliweza kuongoza platuni akiwa na hati maalum; lakini kuwa afisa hakuruhusiwa, hata awe hodari namna gani. Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki waliopewa vyeo kamili vya uafisa katika K.A.R. walivipata karibu na wakati wa uhuru.

Tena wengine hawakurudi kudai cho chote. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ya chini ya maji, ikazama katika muda wa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa. Ndani yake mlikuwamo rejimenti nzima ya mizinga ya Afrika Mashariki: walenga mizinga, watu wa simu, mafundi, madereva. Ufundi wao wote, uliofundishwa kwa miaka, ulizama pamoja nao, na makoti yao hayakufika katika sanduku la mtu ye yote.

Waliorudi mwaka 1945 na 1946 nao walikuwa na shida yao. Jeshini mtu alikuwa fundi wa daraja fulani, na imeandikwa. Mtaani aliambiwa kwamba mtihani wa jeshi si mtihani, kwa kuwa jeshi lilifundisha kwa haraka na kwa sehemu tu ya kazi. Madereva walirudi wengi kuliko magari ya nchi. Mtu wa simu ya upepo alirudi mahali ambapo hapakuwa na waya hata mmoja. Wengi walishika jembe tena, na jembe si aibu. Lakini ujuzi usiotumika huota kutu kama panga lililowekwa darini.

Hata hivyo si wote waliokosa. Mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga ulianza huko Kongwa, ukafika hata Urambo, upande wa magharibi wa Tabora. Mradi ule ulitumia matrekta mengi, na baadhi yake yalitengenezwa kwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa. Madereva na mafundi waliotoka jeshini walipata kazi huko. Lakini mradi ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951. Na huku kwetu Mpanda kulikuwa na mgodi wa risasi, maana yake madini ya risasi, si risasi za bunduki. Kwa ajili ya mgodi huo reli ilijengwa toka Kaliua hata Mpanda, ikamalizika mwaka 1950. Kazi ya reli na ya mgodi ilitaka wahunzi, madereva, waashi, mafundi wa mitambo na makarani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na mji ukakua kandokando yake. Kwa hiyo mtu akitaka kujua jinsi ufundi wa mashine ulivyoingia katika nchi hii ya misitu, asiutafute katika mgodi peke yake; atazame pia mikono ya makoti.

Historia ya jeshi lenyewe nayo iliendelea. Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, batalioni za K.A.R. za Tanganyika zikaitwa Tanganyika Rifles. Kambi yao ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya vita iliyopiganwa na batalioni ya sita huko Uhabeshi mwezi wa Mei 1941. Katika kambi hiyo hiyo, mwezi wa Januari 1964, askari waliasi, na miongoni mwa madai yao yalikuwa mshahara na maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado juu yao. Hatusifu uasi, maana uliitia nchi hatarini na watu walikufa. Lakini mtu aliyesoma habari za mafundi wa Burma hatashangaa kwamba madai yale yalikuwa ya zamani. Jeshi lile likavunjwa, na mwezi wa Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi ya Colito sasa huitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali Wahehe walipowashinda Wadachi mwaka 1891.

Basi, wasomaji wetu, twawaomba nini? Jambo la kwanza, msikate alama na kuitenga na koti. Alama iliyoshonwa mahali pake husema habari. Alama iliyokatwa na kutiwa mfukoni ni kama neno moja lililong'olewa katika barua. Mahali pakipotea, hakuna awezaye kujua kama tepe lilikuwa la cheo au la mwenendo mwema.

Jambo la pili, wekeni pamoja vitu vya mtu mmoja: koti, kitabu cha mshahara, hati ya kuachiliwa jeshini, picha na nishani. Hasa nishani, kwa sababu hii: nishani ambazo Uingereza ilitoa kwa vita ya pili, kama Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, kwa desturi hazikuchorwa jina la mwenyewe. Nishani ikitengwa na karatasi zake haina mwenyewe. Yaweza kuwa ya mtu ye yote kati ya maelfu. Nishani husema mtu alikuwa wapi; alama ya ufundi husema alijua nini; lakini jina lake litasemwa na ninyi tu.

Jambo la tatu ni jepesi kuliko yote, nalo laweza kufanywa leo jioni na mtoto ajuaye kuandika. Mtoto achukue daftari, aketi na mkubwa wa nyumba, aandike: jina la mzee na la baba yake, kijiji alichotoka, mahali alipoandikishwa, nchi alizofika, kazi aliyofanya, na mwaka aliorudi. Asilojua aache mstari mtupu, wala asijaze kwa kubuni. Kisha achore mkono wa koti jinsi ulivyo, kila alama mahali pake. Askari wa vita ile sasa ni wachache mno, na wale waliowasikia kwa masikio yao nao wanazeeka.

Yule mwanafunzi wa mfano wetu aliuliza, "Babu alikuwa nani?" Sasa aweza kujibu mwenyewe. Na akitaka kujibu kwa namna babu ambayo angaliifurahia, achukue kijiti, apige juu ya sanduku la bati: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, mrefu, mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, mifupi mitatu, mfupi.